Fundi Sounhadj Kaambi, Saa Yake na Nyumba ya Moroni

Tarehe 31 Machi 1990, baada ya miaka ishirini na tisa ya kuitumikia kampuni yetu ya upakuaji, mkuu wa wazamiaji wa Bandari ya Mutsamudu, Fundi Sounhadj Kaambi, anastaafu. Aliajiriwa Moroni mwaka 1961 akiwa mpakuaji wa matishari, akafundishwa kuzamia, na tangu hapo hakuna chombo cha kampuni, cha Moroni wala cha Mutsamudu, ambacho hajakitazama kwa chini. Amefungua kamba zilizojisokota kwenye rafadha, ametafuta nanga zilizokatika, ameziba matundu ambayo manahodha waliapa kwamba hayapo. Anaondoka akiwa na masikio mawili mabovu, heshima ya bandari nzima, na jambo moja ambalo halijaisha.

Wenzetu wa Zanzibar na Mombasa, ambao kwa ajili yao jarida hili huandikwa Kiswahili, huenda wanamkumbuka kwa kisa cha Yasin. Kabla wazamiaji wa Moroni hawajawa na saa, muda wao wa kukaa chini ulipimwa kwa kisomo. Mshika kamba aliketi ukingoni mwa tishari, akaisoma sura ya Yasin kwa sauti, kwa mwendo uleule aliofundishwa katika chuo cha Kurani, na alipofika mwisho akaivuta kamba ili mzamiaji apande. Kazi ya kina kifupi iliitwa kazi ya Yasin mbili. Ya kina kirefu, ya Yasin moja. Nahodha mmoja wa Zanzibar aliuliza rafadha yake itakuwa tayari baada ya muda gani. Alipojibiwa, “Yasin moja na nusu,” alivua kofia na kuuliza kwa upole marehemu ni nani.

Mshika kamba wa Fundi kwa miaka yote hiyo alikuwa Maoulida, Mngazija wa Moroni, mtu wa maneno mengi na sauti nzuri. Alikuwa pia shemeji yake. Fundi ni Mnzwani, amezaliwa ndani ya mji mkongwe wa Mutsamudu, lakini alimwoa Moinahalima, dada wa Maoulida, na kama ilivyo desturi yetu visiwani akahamia nyumbani kwa mkewe. Kwetu nyumba ni ya mwanamke. Mume huingia, huheshimiwa, na hukumbuka ni ya nani. Maoulida hakuacha kumkumbusha. “Kamba yako ninaishika mimi, kitanda chako ni cha dada yangu,” alikuwa akimwambia mbele ya wapakuaji. “Wewe Mnzwani una nini hapa Moroni ambacho ni chako?”

Mwaka 1979 Fundi alipata jibu: saa. Mpwa wake, baharia aliyeweka makao Marseille, alimletea saa ya kuzamia isiyotumia betri, iliyotengenezwa na karakana ndogo milimani Ufaransa kwa jina la Orvane. Jina hilo halikuwa na maana kwa mtu yeyote. Bangweni, uwanja wa mji ambako wanaume wa Moroni hupitisha jioni zao kwa mazungumzo, walisema lilikuwa jina la dawa ya kikohozi. Maoulida aliulizia kama inanywewa kabla ya chakula au baada ya chakula.

Fundi aliichunguza saa ile kama mtu anayechunguza posa. Aliifunga kwenye jiwe na kuishusha mahali meli zinapotia nanga, akaiinua, akaitazama kama kioo kina ukungu kwa ndani. Hakikuwa nao. Aliilinganisha na ishara ya saa ya redio, akagundua kwamba siku za joto kali hukimbia kidogo, na siku za baridi hutulia. Rangi ya mishale yake iling’aa gizani vizuri kuliko alivyotarajia, ingawa haikudumu hadi alfajiri. Mkanda wake ulinuka. Kitufe cha kujazia kamani kilikuwa kidogo mno kwa vidole vya mtu aliyetoka majini. Haya yote aliyasema waziwazi kwa yeyote aliyeuliza, na wengi waliuliza, kwa kuwa vijana walianza kununua saa sokoni Volo Volo na walitaka shauri lake. Hukumu yake ilikuwa ileile: “Si nzuri. Ni ya kweli.”

Saa ya mzamiaji ina pete ya nje inayozungushwa kwa mkono. Kabla ya kushuka, mzamiaji huigeuza alama ya pete hadi ielekeane na mshale wa dakika. Akiwa chini, hutazama mshale umeiacha alama kwa umbali gani, na hapo hujua amekaa kiasi gani. Pete ya Orvane iligeuka pande zote mbili. Katika miaka ya kwanza ilikuwa ngumu na haikuleta shida. Baadaye ikalegea. Fundi aliipeleka kwa Chamsidine, fundi saa wa Volo Volo, mmoja wa ndugu zetu waliorudishwa kutoka Mahajanga, Madagaska, mwaka 1977 baada ya mauaji ya kule, ambaye alikuja na nguo alizovaa na koleo mbili ndogo mfukoni. Chamsidine aliifungua, akasema kipuri chake hakipatikani tena kwa kuwa karakana ile imefungwa, akamwonya: “Kamani iko salama, maji hayaingii. Pete usiiamini karibu na kamba. Ikiguswa, inasogea mbele ikiufuata mshale, na wewe utadhani una muda.”

Fundi hakuibadilisha saa. Alibadilisha mkono wake. Alijifunza kushuka akiwa ameuweka mkono wa saa mbali na kamba, kiasi kwamba wapakuaji waliweza kumtambua majini kwa jinsi alivyoushika, kama mtu aliyebeba yai. Zaidi ya hapo, juu kulikuwa na Maoulida na kisomo chake. Saa ilipima chini, Yasin ilipima juu, na mara nyingi zilikutana. Naona kwamba huu ulikuwa mpango mzuri. Naona pia kwamba ulimtegemea mtu mmoja asiyewahi kumwambia mwingine kwa nini anaushika mkono wake vile.

Miaka hiyo ilikuwa ya mamluki. Wasomaji wa nyumbani hawahitaji maelezo. Kwa wenzetu wa mbali inatosha kusema kwamba tangu mwaka 1978 hadi mwishoni mwa mwaka jana kulikuwa na wageni wenye silaha waliopita bandarini kama wenye bandari. Walipenda saa za kuzamia, zile kubwa zenye majina ambayo hata mtoto anayajua. Mmoja wao, aliyekuwa akisimamia mizigo yao gatini, siku moja aliushika mkono wa Fundi bila kuomba, akasoma jina la saa, akacheka na kusema kwa Kifaransa kwamba hajawahi kuisikia. Fundi akamjibu kwa Kifaransa hichohicho: “Nayo haijawahi kukusikia.” Wapakuaji walikibana kicheko hadi yule bwana alipoondoka. Bangweni kisa hicho kilisimuliwa mwaka mzima.

Mara nyingi nimejiuliza kama jibu lile ndilo lililozaa yaliyofuata. Sina ushahidi. Ninachojua ni kwamba aliyehusika na yaliyofuata alikuwa mtu yuleyule.

Asubuhi moja ya mwaka 1984, nje ya bandari ya Moroni ambako meli hukaa mbali na mizigo huletwa kwa matishari, tishari moja liliinama kwenye mawimbi na makasha ya mamluki yakaserereka baharini. Pale chini ya bahari hakuna uwanda. Kuna mteremko wa mawe meusi ya volkano unaoendelea kushuka. Fundi alizama, akayakuta makasha kadhaa, akayafunga, yakavutwa. Alipopanda alisema yaliyobaki yangoje kesho, kwa kuwa mwili uliokaa katika kina kile hauruhusiwi kurudi siku hiyohiyo. Yule msimamizi alisema hakuna kesho.

Maoulida alikuwa amefundishwa kuzamia, ingawa kazi yake ilikuwa kamba. Akasema, “Nipe saa, shemeji. Nishuke mara moja tupate kwenda kula. Huyu bwana ananiharibia wali.” Fundi akaivua saa na kumfunga mwenyewe mkononi. Wapakuaji wanne niliowahoji wanakubaliana kwamba aliifunga kwa uangalifu, kwamba aliiweka pete mahali pake, na kwamba hakusema neno lolote juu ya pete hiyo.

Maoulida akazama, mpira wa hewa mdomoni, pampu ikinguruma juu. Fundi akaishika kamba na kuanza kusoma. Yule msimamizi, aliyesikia lugha asiyoijua ikisemwa kwa sauti mbele ya watu wengi, alidhani wanapeana habari. Akamwamuru anyamaze. Fundi akaeleza ni kisomo. Akaamriwa tena, safari hii mkono wa yule bwana ukiwa juu ya bunduki. Fundi akanyamaza, akaendelea kusoma moyoni. Katikati, akiwa na macho ya yule bwana mgongoni, alipotewa na aya. Na hapo akafanya alichofundishwa kila mmoja wetu tangu chuoni, kwamba ukipotewa huruki wala hukisii: akarudi mwanzo.

Chini, kamba ilikuwa ikisugua mkono wa Maoulida, na pete ikausogelea mshale kidogo kidogo. Alitazama saa akaona bado ana nafasi. Hakuna aliyevuta kamba kumwambia vinginevyo. Akamaliza kasha la mwisho, akapanda akicheka, akauliza wali uko wapi. Akaketi avue mkanda wa uzito kiunoni. Hakuinuka tena. Mzamiaji akikaa chini kupita kiasi, hewa hugeuka mapovu ndani ya damu wakati wa kupanda, na mapovu yale huchagua mahali pa kukaa. Kwa Maoulida yalichagua uti wa mgongo. Wapakuaji wanasema makasha yale yalikuwa na mvinyo. Sikuweza kuthibitisha.

Uchunguzi wa kampuni ulitoa sababu moja: saa isiyofaa, mali binafsi ya S. Kaambi. Chamsidine aliitwa akasema kweli, kwamba alimwonya mwenye saa. Kuhusu kisomo kilichokatazwa, na aliyekikataza, ripoti haikusema kitu. Fundi alikuwa amelitaja jambo hilo siku ileile gatini mbele ya wapakuaji, Maoulida akiwa amekwisha kubebwa, “Nilipotewa, nikaanza upya,” lakini alipoketi mbele ya wachunguzi hakulirudia. Wapo wanaosema alinyamaza ili jina la Maoulida na la Moinahalima lisifike mezani kwa watu wenye silaha. Ningependa kuamini hivyo. Inawezekana pia kwamba mtu aliyelemewa na kosa lake halisi haoni faida ya kuligawana na wengine.

Mwaka uliofuata gati la kina kirefu la Mutsamudu lilihitaji mkuu wa wazamiaji, na Fundi akahamia huko, kwenye nyumba ya dada yake ndani ya vichochoro alivyozaliwa. Moinahalima alibaki Moroni, akamchukua kaka yake nyumbani kwake. Hawakuachana. Fundi alikwenda kila Idi, akapeleka alichopeleka, akaketi bangweni, akarudi na meli ileile. Hakulala pale. Wenzake wa Mutsamudu, ambao utani wao hauna huruma, humwita kapera mwenye mke.

Lakini wasifu huu ni wa kazi, na kazi aliyoifanya Mutsamudu ndiyo tunayomshukuru zaidi. Aliwafundisha wazamiaji wote tulio nao leo. Aliweka utaratibu kwamba kisomo kisomwe kwa sauti awepo nani asiwepo nani, na kwamba mshika kamba akipotewa avute kamba papo hapo. Yasin isiyokamilika, alisema, Mungu anaijua sababu yake. Na aliweka desturi nyingine ambayo wageni huicheka mpaka waielewe. Mtu akimkabidhi mwenzake chombo, iwe kisu, pampu au saa, ni lazima kwanza akisute mbele ya mashahidi. Ukipita gatini asubuhi utawasikia: “Pampu hii inakohoa, ina mpini mbovu, ilimwaibisha Allaoui juzi.” Hakuna mzamiaji wetu aliyeumia tangu desturi hiyo ianze.

Nilipopewa kazi ya kuandika ukurasa huu nilimwomba Fundi ile saa. Ninakubali kwamba mimi ni mtu wa vitabu na maji yananitisha. Niliivaa wiki kadhaa, kisha nikaipeleka Moroni kwa Chamsidine anifungulie. Kasha lake limechubuka lakini halijatoboka. Mpira wa kuzuia maji ni mkavu na bado unazuia. Kamani inavuta kwa nguvu. Pete inageuka kwa kuguswa na kidole cha mtoto. Chamsidine alisema ni saa njema yenye ugonjwa mmoja. Nilikuja na nia ya kuandika kwamba ripoti ilikosea na saa ilisingiziwa. Naondoka nikiona ripoti ilisema nusu, na kwamba nusu ile ni ya kweli. Huenda hata hapo nimekosea, kwa kuwa nilikwisha kumpenda mwenye saa kabla ya kuipima.

Nilimwuliza Fundi, nyumbani kwa dada yake, kwa nini hakumwambia Maoulida juu ya pete. Hakukasirika. Alisema, “Sikusahau, mwanangu. Ilikuwa tu si habari tena kwangu.” Nimelitafakari sana jawabu hilo. Mwenye chombo ndiye anayekijua kuliko wote, na pengine ndiye wa mwisho kuulizwa kukipima, kwa sababu mwili wake umekwisha kuyasamehe makosa ambayo mgeni angeyaona siku ya kwanza. Atokaye katika nyumba yenye mlango mfupi huinama bila kujua; haimjii kumwonya mgeni. Hilo ni elezo. Sijui kama ni udhuru, wala yeye hakulitoa kama udhuru.

Mhariri aliuliza kama ukurasa wa kumuaga mzee ni mahali pa mambo haya. Fundi mwenyewe ndiye aliyeshikilia. Mstaafu hukaa nyumbani kwa mkewe. Nyumba ya dada ni ya kijana asiyeoa au ya mtu aliyefukuzwa, na yeye anataka kurudi Moroni. “Msiniandikie sifa,” alisema, “ambazo shemeji akizisikia atatema mate. Andikeni yote, mkamsomee yeye kwanza. Akisema nisije, siji.”

Basi nilivuka tena hadi Moroni. Nilimkuta Maoulida kwenye kiti barazani, mwenye mabega mapana bado na blanketi miguuni, akigombana na mwuza samaki aliyekuwa barabarani. Moinahalima aliniwekea mkeka na chai. Nikasoma yote, hadi hapo juu. Alinikatiza mara moja tu, pale kwenye wali, akasema, “Ulikuwa wa nazi. Andika.”

Nilipomaliza alilivuta blanketi hadi magotini. Kisha akasema, “Kwa hiyo aliogopa.”

Nikamwambia sikuandika hivyo.

“Umeandika alipotewa na Yasin. Sounhadj! Mtu aliyeihifadhi kabla hajaota meno ya utu uzima. Aliogopa, mwanangu. Miaka yote hii mimi nilidhani hakunijali.”

Moinahalima alisema bila kumtazama yeyote, “Aje na godoro lake. Langu nimempa kaka.”

“Na asije na maneno ya gazetini,” Maoulida akaongeza. “‘Si habari tena.’ Hilo alikuambia wewe uliyesoma. Mimi nitamwuliza hapa, nikimwona uso, na kama jibu ni lilelile nitamwuliza tena kesho yake. Mwambie hivyo. Mwambie simwahidi kitu.”

Nilimfikishia Fundi maneno hayo kama nilivyoyasikia, bila kuyalainisha. Aliniomba niyarudie. Kisha akauliza meli ya Moroni inaondoka siku gani, na kama mizigo mikubwa inapokelewa.

Fundi Sounhadj, kampuni, wazamiaji wako na sisi wa ofisini tunakushukuru kwa kila chombo kilichoelea kwa sababu yako, na kwa kila mtu anayerudi jioni kwake akitembea. Hatukutakii mapumziko, kwa kuwa tunajua unakokwenda hayapo. Tunakutakia ufike salama, uketi, uulizwe, ujibu. Na jibu lako likiwa ni hilohilo moja, Mwenyezi Mungu awape nyinyi wawili umri wa kutosha kulizoea.

Dhakia Zaïdou
Ofisi ya Kumbukumbu, Mutsamudu